Mabamba Kumi na Sita

Nina tabia mbaya ya kufunua vifuniko. Nikiingia nyumbani kwa mtu, kabla sijakaa, jicho limeshakwenda kwenye pipa la maji, na mkono ukipata nafasi unafuata. Rafiki zangu wa Lisekese, ninakopanga, wamenizoea. Wananiambia kaa kwanza, maji yapo, hakuna atakayeyamaliza leo. Nakaa, lakini situlii.

Nimekulia Kitangari, huko juu, ambako ardhi ni kichanga chekundu kinachonyonya kila tone na maji ya kuchota yako chini bondeni. Kuteremka ni saa nzima, na kupanda na ndoo kichwani, usiulize. Kwa hiyo kwetu mtu anakinga mvua. Jirani na nyumba ya mama kuna msikiti wenye paa refu la bati, na chini ya mfereji wa paa lile palikuwa na kisima cha mvua, shimo kubwa lililosakafiwa kwa saruji, lenye kifuniko cha mbao na kufuli. Nyumba kumi na mbili zilikitegemea. Ufunguo alikuwa nao mama, kwenye kamba shingoni, na hakuna aliyechota bila yeye kusimama pale akiangalia kamba ya ndoo imelowa mpaka wapi.

Nilipopata kazi ya kutunza stoo katika karakana moja hapa Masasi, nilifanya kama yeye. Karakana yetu inatengeneza vitu vizito: boila za kuchemshia korosho kabla ya kubanguliwa, matela ya malori, matangi ya mafuta na ya maji. Stoo ilikuwa imejaa, nami nilitaka ijae zaidi. Mabamba ya chuma yalisimama yakiegemea ukuta, beringi zilikaa ndani ya karatasi zenye grisi, bolti na nati kwenye makopo ya maziwa ya unga. Ufunguo nilikuwa nao mimi, kwenye kamba shingoni. Fundi akija kuomba vijiti vya kuchomelea namuuliza vya jana vimekwenda wapi.

Miaka kumi nilifanya hivyo. Halafu akaja meneja mpya.

Alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwembamba, wa kutembea haraka kama anayefukuza basi. Siku ya pili aliingia stoo akaweka kiganja juu ya bamba moja.

"Dada, hili lina muda gani hapa?"

"Miaka mitatu."

"Na hili?"

"Hilo nimelikuta."

Akanionyesha kiganja chake. Kilikuwa chekundu kwa kutu. Akasema, bila ukali wowote, kwamba kila bamba lililolala pale ni kazi ambayo haijafanyika, na kwamba huko Japani watengenezaji wa magari walishagundua zamani kuwa ghala kubwa linaficha uzembe. Chuma kifike siku kinapotakiwa, si jana, si kesho. Kifike asubuhi, mchana kikatwe, jioni kichomelewe. "Kila kitu kwa wakati wake," alisema. Nilimchukia pale pale. Nilimwona ni mtu ambaye hajawahi kuishiwa na kitu chochote maishani.

Fundi mkuu, mzee wa Chiwata ambaye amechomelea chuma kabla mimi sijajua kusoma, alimuuliza swali moja tu: "Na barabara ikikatika?"

"Tutakuwa tumejua mapema," meneja akajibu. Mzee akavaa miwani yake ya kuchomelea na kurudi kazini, na ndani ya miwani ile huwezi kujua mtu anafikiri nini.

Meneja hakuwa mjinga, na hili nalisema kwa sababu wengi wanaposikia kilichotokea wanataka awe mjinga. Aliangalia jinsi mji wetu unavyoishi. Msimu wa korosho ukifika, malori yanashuka kutoka Dar kwa makumi kuja kubeba mzigo kwenye maghala, na mengi yanakuja matupu. Akazungumza na wenye malori: njooni na mabamba yetu, kwa kuwa mnakuja hata hivyo. Ukutani akatundika ubao wa mbao wenye misumari, na kila kazi ikapewa kadi. Fundi akikata bamba la mwisho la kazi fulani, anageuza kadi upande mwekundu. Saa nne asubuhi meneja anapiga picha ubao na kuituma kwenye yadi ya chuma Dar, na baada ya siku mbili au tatu lori linapiga honi getini.

Msimu wa kwanza mambo yalikwenda hivyo, na mimi nikageuka. Sikugeuzwa na hoja zake. Niligeuzwa na wepesi. Mimi ni mtu wa kutotulia, nimesema, na kwa miaka kumi kutotulia kwangu kulikuwa kumefungiwa ndani ya stoo pamoja na vile vyuma. Sasa sakafu ilikuwa wazi, nafagia mpaka kwenye pembe. Nilikuwa nasimama mbele ya ubao ule asubuhi nikihamisha kadi, nikimpigia dereva simu. Uko wapi? Niko Nangurukuru. Uko wapi? Nimepita Mingoyo. Nikitoka nje getini lori linakunja kona, nasikia raha ambayo mama hajawahi kuipata kwenye shimo lake la maji. Kutu hatukuiona tena. Boila iliyokuwa ikichukua miezi miwili tukaitoa kwa wiki tatu.

Nikaanza kuwa mtu wa kuchosha. Nyumbani kwangu nilitoa mapipa mawili nikabaki na ndoo moja, maana bomba la Lisekese lilikuwa likitoka. Nikienda Kitangari nawafundisha watu. Dada yangu mdogo alinunua sabuni mche mzima, nikamuuliza kwa nini usinunue kipande cha wiki hii. Alikata kipande, mche uliobaki akauweka.

Mwezi wa sita akina mama wa zile nyumba kumi na mbili walikubaliana kuagiza tangi kubwa la chuma karakana kwetu. Kile kisima cha msikitini kilikuwa kimepata ufa, na kila mwaka sehemu nzuri ya mvua ilikuwa ikipotelea ardhini. Tangi lingekaa pale pale pa kisima, chini ya mfereji, kwa sababu paa lile halina mfereji mwingine. Likijaa, lingewatosha mpaka mvua za mwaka unaofuata. Mama alikuwa ameanza kuumwa goti. Nilimshika mikono nikamwambia, "Mama, mwakani hushuki bondeni. Hata siku moja." Niliahidi mbele ya wenzake, kwa sauti, kama mtu anayetangaza harusi.

Meneja alilipangia tangi lao nafasi. Kwetu mvua za maana huanza Desemba. Mabamba yangekuja Novemba na malori ya korosho, kuchomelea ni wiki mbili, tangi lingepanda Kitangari mvua ya kwanza ikiwa bado haijakauka kwenye bati. Ile mvua ya kwanza hatuikingi kamwe. Inaachwa ioshe paa, vumbi na kinyesi cha ndege. Ya pili ndiyo yetu. Nilimweleza meneja hilo akafurahi sana, akaliandika kwenye kadi: kabla ya mvua ya pili.

Agosti stoo ilikuwa na mabamba kumi na sita yaliyobaki ya zamani, mazuri, yasiyo na kutu. Fundi mkuu alinijia.

"Mwanangu, nipe hayo nianze tangi la kwenu. Kitako na nusu ya ukuta vinatoka hapo. Hayo mengine yakija tunamalizia."

"Kadi ya kwanza ni ya tela, mzee. Tela linatakiwa wiki hii."

"Tela la mtu wa maghala linaweza kungoja."

"Kila kitu kwa wakati wake," nikamwambia.

Nililisema hilo kwa mzee wa umri wa baba yangu, na bado naisikia sauti yangu. Yale mabamba yakaenda kwenye tela. Wiki ile mwenye karakana alikuja kututembelea, akapita kwenye stoo tupu, kiatu chake kikitoa mwangwi, na meneja akasema huyu dada ndiye amefanya haya. Nilitembea mpaka Lisekese kwa miguu, siioni barabara kwa furaha.

Oktoba nikapanda Kitangari kukagua mahali. Hapa ndipo lilipo kosa langu, na mtu asinisaidie kulibeba. Meneja alikuwa amenifundisha kwamba kusubiri ni hasara kuliko zote, kwamba lori la kubeba tangi likifika lisikute watu bado wanashika majembe. Kwa hiyo niliwaambia akina mama wakifukie kile kisima, wajaze mawe na kifusi, washindilie, wamwage zege ya kukalia tangi. Zege inataka siku zake za kukauka. Tukianza sasa, nikasema, tutakuwa tayari.

Mama peke yake hakusimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umeshika ile kamba ya shingoni.

"Si tungengoja tangi lifike kwanza? Shimo hata likivuja, ni shimo."

"Mama, huko kungoja ndiko kunakotuchelewesha."

"Tunachelewa wapi?"

Wenzake walicheka, nami nikacheka nao. Walikifukia kwa siku moja na nusu, kwa nyimbo, na kila mmoja alitaka kutupa jiwe lake. Kina kirefu kile, ambacho nilipokuwa mtoto nilikemewa nisikisogelee, kikawa uwanja sawa wa zege. Mama alivua kamba ya ufunguo akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Shingo yake ilionekana ngeni.

Novemba ikaingia. Mnada wa kwanza wa korosho ulipofanyika, wakulima walikataa bei.

Asiyetoka huku huenda hajui jambo hilo linavyokuwa. Korosho zinapelekwa ghalani kupitia vyama, barua za wanunuzi zinafunguliwa mbele ya mkutano, bei zinasomwa, halafu wakulima wenyewe wanaulizwa: mnauza, hamuuzi? Mama alinipigia simu kutoka mkutanoni, nyuma yake kelele na vigelegele.

"Tumekataa!" alipiga ukelele. "Wote! Walidhani sisi ni wajinga. Tumekataa!"

"Hongera, mama," nikasema. Nilifurahi kweli. Ana mikorosho yake, ameipalilia kwa mkono wake. Ilinichukua mpaka jioni, nikiwa nimesimama mbele ya ubao, kuelewa.

Korosho isipouzwa, haibebwi. Isipobebwa, malori hayaji. Na mabamba yetu yalikuwa yadi Dar, yamepimwa, yamefungwa minyororo, yakingoja malori ambayo hayakuwa na sababu ya kuja Masasi.

Mnada wa pili, wakakataa tena. Kadi zote ubaoni zilikuwa nyekundu. Mafundi walikaa kwenye benchi, wakinoa patasi zisizohitaji kunolewa. Niliwapigia madereva mpaka wakaacha kupokea. Nilikuwa natoka getini, narudi stoo, nafagia sakafu isiyo na kitu, natoka tena getini. Mlinzi aliniuliza nimepoteza nini. Meneja alimwomba mwenye karakana tukodi lori letu wenyewe, akakataliwa, akaomba tena. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Siku moja nilimkuta amekaa chini sakafuni katika stoo, mgongo ukutani, pale palipokuwa pakisimama mabamba. Niliona aibu yake, na niliona kuwa yangu ni kubwa zaidi, maana yeye hakuwa na mama Kitangari.

Kila alfajiri niliangalia mbingu. Sijawahi kuichukia mvua kabla ya mwaka ule. Niliiomba isije, mimi mtoto wa Kitangari, nikaomba kwa maneno kabisa.

Ya kwanza ilinyesha ikaosha bati. Nikachukua ruhusa, nikapanda gari la Newala kwenda Kitangari. Sikujua naenda kufanya nini. Nadhani nilitaka niwepo tu.

Ya pili ilitukuta alasiri. Ilianza upande wa bondeni, tukaisikia kabla haijafika, halafu ikalishukia paa la msikiti kwa kishindo. Mfereji ulijaa papo hapo. Maji yakamwagika kwa unene wa paja la mtu mzima, safi, meupe, yakaanguka juu ya zege yangu, yakaruka, yakakimbilia barabarani na kuingia kwenye mikorosho, na kichanga kikayanywa. Akina mama walitoka na kila walichokuwa nacho. Ndoo, masufuria ya pilau, beseni la kuogeshea mtoto, chungu, dumu lililokatwa shingo. Kinajaa, kinaburutwa kando, kingine kinaingizwa, na wakati huo wa kubadilisha, ambao ni mfupi tu, maji yanayopotea yangetosha nyumba moja kwa wiki. Nilikuwa nahesabu, sikuweza kujizuia.

Mama alikuwa amelowa mpaka kanga imemng'ang'ania. Aliniona nimesimama barazani.

"Tangi lenu limekwama wapi?" alipaza sauti juu ya kelele za bati.

"Dar. Malori hayaji."

"Kwa nini hayaji?"

Nilitamani asiniulize. "Korosho hazijauzwa, mama. Malori ya korosho ndiyo yanayobeba chuma chetu."

Alisimama, sufuria mkononi, maji yakimtiririka usoni. Nilimwona akiyapanga hayo mambo moja baada ya jingine: mkutano, vigelegele, simu aliyonipigia.

"Kwa hiyo ni sisi," akasema.

"Hapana. Mlikuwa na haki ya kukataa. Ni mimi niliyewaambia mfukie." Halafu nikamwambia na lile ambalo hakuna aliyelijua. "Na chuma cha kuanzia kilikuwepo, mama. Mabamba kumi na sita. Nilimpa mtu mwingine."

Nililia, na kwa kuwa ilikuwa mvua sidhani kama iligundulika. Hakunikumbatia, hakunikaripia. Alinisukumia beseni kwa mguu.

"Shika hilo. Linajaa."

Tukakinga mpaka mvua ikakatika. Kulikuwa na nyingine kama ile wiki iliyofuata, na nyingine tena, na zote zilikwenda kwenye mikorosho. Bei ilipanda, korosho zikauzwa, malori yakaja yakifuatana kama siafu, na mabamba yalipofika fundi mkuu alilichomelea tangi lile kwa siku tisa, hali wala halali vizuri. Lilipanda Kitangari Februari. Ni tangi zuri. Sijaona mshono mwingine kama ule. Alipomaliza, mzee alipitisha kidole kwenye mshono wote, akaniambia, "Mwambie mama yako shikamoo yangu," ingawa mama ni mdogo kwake, nami nilijua anaomba msamaha kwa niaba yangu.

Mvua za mwisho zililijaza zaidi kidogo ya nusu. Mama akajifunza kuligonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kushuka, akisikiliza sauti inabadilikia wapi. Nikimpigia simu namuuliza limefika wapi. Kifuani. Kiunoni. Halafu magotini, na nilipouliza tena akasema mambo mengine, habari za goti lake mwenyewe, za nani ameoa.

Karakanani mambo yalibadilika kidogo. Ubao upo, kadi zipo, na bado naupenda, sitadanganya. Lakini kwenye pembe ya stoo meneja amechora mstari mwekundu sakafuni, na ndani ya mstari yanakaa mabamba kumi na sita ambayo hayaguswi mpaka mengine yafike. Aliniuliza ni mangapi yanatosha. Mimi ndiye niliyetaja idadi. Hakuuliza kwa nini. Ninayafuta kutu kila Jumamosi.

Septemba nilikwenda Kitangari bila kumwambia. Nyumba ilikuwa imefungwa. Niligonga tangi kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini, likalia vile vile kote, tupu. Nyuma ya mlango, kwa mwanya wa mbao, niliona ile kamba ya ufunguo bado iko kwenye msumari.

Sikuweza kukaa. Nilifuata njia ya bondeni, nikafika pale inapoanza kuteremka, na nikawaona wanapanda, wanawake wanne mstari mmoja. Wa mwisho, aliyeachwa nyuma kidogo, alikuwa anaweka mguu mmoja, anavuta mwingine, mkono mmoja juu ya ndoo na mwingine kwenye goti. Nilishuka mbio, mawe yakinitoka chini ya miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alisimama, akahema, shingo imenyooka ili maji yasimwagike. Aliniangalia bila kugeuza kichwa. "Umekuja kwa wakati wake," alisema. "Nitue."